Mtindi wa maziwa ya mbuzi kwa mtoto aliye kwenye mlo maalumu: mwongozo kamili

Mtindi wa kiwandani hukaa kwenye joto saa chache tu, mara nyingi kati ya 4 na 8. Ukishaganda unaingizwa kwenye baridi, bakteria wanapunguza kazi, na sehemu kubwa ya sukari ya maziwa, laktosi, inabaki humo humo. Mlaji wa kawaida hana haja ya kuhangaika na hilo. Lakini mtoto aliyepangiwa mlo wa laktosi kidogo, au ule mlo wa wagonjwa wa utumbo unaoondoa nafaka, wanga na sukari karibu zote, anahitaji mtindi uliokaa kwenye joto muda mrefu zaidi, kwa kawaida saa 24. Mtindi wa namna hiyo ni nadra kuukuta dukani. Ndiyo maana wazazi wengi huishia kuutengeneza wenyewe.

Kazi yenyewe haina ugumu: maziwa, chachu, joto la kadiri na subira. Yanayotaka umakini ni mawili. Kwanza, kujua kama maziwa ya mbuzi yanamfaa mtoto wako kweli. Pili, kulishikilia joto mchana na usiku bila kupanda wala kushuka. Nitakaa zaidi kwenye hayo.

Je, ni mbuzi kweli?

Imeenea imani kwamba mtoto akikataliwa na maziwa ya ng'ombe, suluhisho ni mbuzi. Hapo yanachanganywa matatizo mawili yasiyohusiana.

Mzio wa maziwa, au aleji, ni kinga ya mwili kuishambulia protini. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kiasi kwamba watoto walio wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, zaidi ya 9 kati ya 10, hudhurika na ya mbuzi vilevile. Kugandisha hakuziondoi protini hizo, hata ungeuacha mtindi kwenye joto siku tatu. Kwa hiyo mtoto aliyewahi kuvimba midomo, kutoka vipele mwilini, kubanwa pumzi, au kutapika mfululizo saa chache baada ya kunywa maziwa, asijaribiwe nyumbani hata kwa nusu kijiko cha chai. Jaribio la aina hiyo hufanywa chini ya uangalizi wa daktari, dawa zikiwa karibu.

Kushindwa kumeng'enya laktosi ni habari nyingine. Hapa utumbo hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja sukari hiyo, nayo inafika utumbo mpana ikiwa nzima. Tumbo linajaa gesi, linanguruma, mtoto anaharisha. Maziwa ya mbuzi yana laktosi pungufu kidogo sana kuliko ya ng'ombe, tofauti isiyoweza kumsaidia mtoto huyu. Anayemsaidia ni bakteria: anaila laktosi wakati maziwa yanaganda, na bakteria hai wa mtindi huendelea kusaidia kuivunja hata ndani ya utumbo.

Mbuzi basi anabaki na faida gani? Mgando wa maziwa yake ni laini, chembe zake za mafuta ni ndogo, na wapo watoto ambao tumbo lao huupokea mtindi wake kwa utulivu zaidi. Kama mtaalamu wa lishe ameuchagua kwa sababu hizo, sawa. Kama umeuchagua wewe kwa kuwa jirani kasema unatibu aleji, simama hapo kwanza uongee na daktari.

Kuna watoto ambao mtindi huu hauwahusu hata uwe umekaa saa 24. Bakteria wa mtindi wanapoivunja laktosi hupatikana glukosi na galaktosi. Glukosi wanaitumia, galaktosi nyingi wanaiacha. Mtoto mwenye galaktosemia, yaani ambaye mwili wake hauwezi kuitumia galaktosi, haruhusiwi mtindi huu kabisa, ingawa kwenye karatasi unaonekana una "laktosi kidogo". Mlo usio na kaseini, ile protini kuu ya maziwa, nao unaukataa, kwa kuwa maziwa ya mbuzi yana kaseini kama maziwa mengine. Mtoto wa fenilketonuria (ambaye mwili wake hauwezi kuvunja sehemu moja ya protini), wa ugonjwa wa figo au wa mlo wa ketojeniki (wa mafuta mengi na wanga kidogo sana) lazima kila kijiko kiingizwe kwenye hesabu zake za protini, madini au wanga. Na mtoto ambaye kinga yake imeshushwa na dawa, au anayelishwa kupitia mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, daktari wake aulizwe kwanza kuhusu chakula chenye bakteria hai.

Halafu umri. Kabla ya mwaka mmoja, maziwa ya mbuzi hayashiki nafasi ya maziwa ya mama wala ya kopo la watoto wachanga. Yana foleti (vitamini B9) kidogo mno, na watoto wachanga waliolelewa kwa maziwa hayo peke yake wamewahi kupata upungufu mkubwa wa damu kwa sababu hiyo. Madini ya chuma nayo ni haba, wakati protini na chumvi zake ni nyingi kwa figo changa. Mtindi kidogo kama chakula cha nyongeza baada ya miezi 6 ni jambo tofauti, ila uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa na mtaalamu awe ameridhia. Hata kwa mtoto mkubwa, ikiwa huu ndio utakuwa mtindi na maziwa yake ya kila siku, mwambie mtaalamu waziwazi ili foleti, vitamini B12 na vitamini D zitafutwe kwingine.

Maziwa

Chagua maziwa ya mbuzi yasiyopunguzwa mafuta, hasa mtoto akiwa chini ya miaka 2. Yawe maziwa matupu. Maziwa ya unga ya mbuzi yanaweza kutumika, lakini geuza kopo usome: mengine yametiwa sukari au maltodekstrini (wanga uliosindikwa), na hapo mlo umeshavunjika kabla hujawasha jiko. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yaliyotokana na mbuzi si ya kazi hii. Yameongezewa vitu vingi, laktosi ikiwemo mara nyingi.

Maziwa mabichi yanapaswa kuchemshwa, bila mjadala. Bakteria wa homa ya Malta, brusela, walitambuliwa na daktari David Bruce kisiwani Malta mwaka 1887, lakini njia ya maambukizi ilibaki fumbo hadi mwaka 1905, daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipogundua kwamba mbuzi waliokuwa wakionekana wazima kabisa ndio waliowabeba. Somo hilo halijazeeka: kumwangalia mbuzi kwa macho hakukuambii kilichomo kwenye maziwa yake, na uchachu wa mtindi si kinga ya kutegemea dhidi ya vijidudu vya maziwa mabichi.

Kuhusu harufu. Maziwa ya mbuzi yana asidi za mafuta zinazotoa ile harufu ya beberu zinapoachiwa huru, na zinaachiwa zaidi maziwa yakitikiswa sana au kukaa muda mrefu bila kuchemshwa. Mtoto akiisikia harufu hiyo anaweza kuukataa mtindi. Maziwa mabichi yachemshe siku ile ile unayoyapata, na utaepuka nusu ya ugomvi wa mezani.

Chachu

Una njia mbili. Ya kwanza ni mtindi wa dukani usio na sukari wala ladha, wenye bakteria hai. Kwenye orodha ya viungo vionekane maziwa na bakteria tu. Ukikuta wanga, jelatini, unga wa maziwa, inulini au "ladha asilia", urudishe rafuni. Majina ya bakteria unayotafuta ni Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Hawa wawili ndio hutengeneza mtindi wenyewe. Baadhi ya milo ya utumbo hukataza chachu zenye bakteria wa kundi la Bifidobacterium, kwa hiyo linganisha kibandiko na karatasi ya mlo wa mtoto wako.

Ya pili ni chachu ya unga, ambayo mimi naipendelea kwa mtoto mgonjwa kwa sababu kila mara unaanza na kitu kile kile. Nayo isomwe: bakteria hao mara nyingi huchanganywa na laktosi au maltodekstrini kama kibebeo. Kiasi ni kidogo, na laktosi ile huliwa pamoja na ya kwenye maziwa, lakini mlo ulio mkali sana utataka uulize. Tumia kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kama mtoto hatakiwi kugusa maziwa ya ng'ombe hata kidogo, usianze na mtindi wa ng'ombe. Vijiko viwili vinatosha kuleta balaa.

Vyombo

Sufuria yenye kitako kizito, kipimajoto cha chakula, mwiko, mitungi ya kioo yenye vifuniko na kijiko cha kulia chakula kwa kipimo. Vioshwe kwa sabuni, kisha vimwagiwe maji yanayochemka na kuachwa vikauke vyenyewe. Kitambaa cha jikoni kinarudisha uchafu ulioutoa. Vipo vilivyoandikwa kuhusu kupima joto kwa kidole. Kwa mtindi wa familia, kidole kinatosha. Kwa mtindi wa saa 24 wa mtoto mwenye mlo maalumu, nunua kipimajoto.

Hatua ya 1: kuchemsha

Vipimo vya hapa ni vya lita moja ya maziwa. Washa moto mdogo na ukoroge taratibu ukikwangua kitako. Maziwa ya mbuzi huungua chini upesi, na ladha ya kuungua haitoki tena. Yafikishe nyuzi joto 82 hadi 85, kisha yashikilie hapo dakika 20. Joto hilo haliui vijidudu tu. Linabadilisha protini za maji ya maziwa ili zishikane na kaseini, na mtindi unapata uzito. Hatua hii ina maana zaidi kwa mbuzi kuliko kwa ng'ombe, kwa sababu maziwa ya mbuzi kwa kawaida yana kidogo ile kaseini inayotengeneza mgando mgumu.

Maziwa ya pakiti yaliyopitishwa kwenye joto kali sana kiwandani, yale yanayokaa nje ya friji kabla ya kufunguliwa, hayahitaji kuchemshwa tena. Yapashe hadi nyuzi 42 uendelee. Usishangae mtindi wake ukiwa mwepesi zaidi.

Jambo moja la kuepuka: kuyachemsha hadi yapungue ili mtindi uwe mzito. Maji yanatoka, laktosi inabaki, na bakteria unawaongezea mzigo. Kuongeza unga wa maziwa kuna kasoro ile ile.

Hatua ya 2: kupoza

Weka sufuria, ikiwa na kifuniko, ndani ya beseni la maji baridi. Koroga mara mojamoja na upime. Unataka nyuzi 42. Ukichanganya chachu kwenye nyuzi 55 unawaua bakteria, na utakuja kujua baada ya saa nyingi kwamba umetunza maziwa ya moto bure. Utando uliojitengeneza juu uopoe, maana huleta mabonge.

Hatua ya 3: kuchanganya

Toa kikombe kimoja cha maziwa hayo, changanya humo vijiko viwili vya kulia vya mtindi wa chachu hadi usione bonge, kisha rudisha kwenye sufuria na ukoroge polepole kwa dakika moja. Kuongeza chachu "ili ishike vizuri" hakusaidii. Mtindi unawahi kuwa mchachu na unafanya punjepunje. Mimina kwenye mitungi, funika.

Hatua ya 4: saa 24

Hapa ndipo mtindi wa mlo maalumu unapopatikana au kupotea. Joto libaki kati ya nyuzi 38 na 43 muda wote. Likizidi sana, bakteria wanadhoofika na kufa. Likishuka chini zaidi, wanasinzia, na muda unaouhesabu hauna kazi ndani yake: saa 24 ambazo 10 kati yake zilikuwa za ubaridi ni saa 14. Tena maziwa vuguvugu yasiyochachuka upesi ni makao mazuri ya vijidudu usivyovialika.

Mashine ya mtindi ndiyo rahisi, lakini usiiamini kwa sababu tu ina taa. Nyingine huzidi nyuzi 45, na nyingi hujizima baada ya saa 8 au 12. Kabla ya kuweka maziwa ya mtoto, jaza mitungi maji, iwashe siku nzima na upime kila baada ya saa chache. Fanya hivyo hivyo na oveni yenye taa tu iliyowashwa: nyingine zinafika joto linalotakiwa, nyingine hazifiki, na kuacha mlango wazi kidogo kunaweza kurekebisha ile inayozidi.

Bila umeme inawezekana pia. Panga mitungi ndani ya kasha la kuhifadhia baridi, lile la kuta nene, mimina maji ya nyuzi 43 hadi shingoni mwa mitungi, funga, kisha zungushia blanketi. Kasha zuri hushikilia joto saa kadhaa. Pima maji kila baada ya saa 3 au 4, na yakikaribia 38 chota sehemu uongeze ya moto pembeni, si juu ya mitungi. Usiku weka kengele ya simu. Chupa ya chai inafaa kwa mtindi wa saa 8; kwa saa 24 inapoa mapema mno na huwezi kuipasha.

Anza kuhesabu mitungi ikishakaa kwenye joto. Ukiweka saa mbili usiku, utautoa saa mbili usiku wa kesho yake. Katikati usiitikise, usikoroge, usionje. Baada ya saa 6 hivi utauona umeganda na utashawishika kuutoa. Uache. Umeganda kwa sababu uchachu umefika mahali kaseini inaposhikana, si kwa sababu laktosi imepungua vya kutosha.

Nisikupe matumaini ya uongo, hata hivyo. Laktosi hupungua sana kwa muda huo, lakini jikoni hakuna kipimo cha kuthibitisha kwamba imekwisha, na bakteria wenyewe hupunguza kasi kadiri uchachu unavyopanda. Mtindi huu ni wa mtoto aliyeruhusiwa laktosi kidogo. Aliyeambiwa asiguse kabisa, neno la daktari wake ndilo la kufuata.

Hatua ya 5: baridi, na kuchuja ukipenda

Uingize kwenye friji, nyuzi 4 hivi, bila kuutikisa, ukae angalau saa 8. Mtindi wa mbuzi ukitoka kwenye joto huonekana kama umeshindikana. Baridi ndiyo inayoukaza. Hata hapo utakuwa laini, pengine wa kumiminika. Ndivyo ulivyo.

Ukitaka mzito, tandika kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa kwenye chujio, mimina mtindi, weka ndani ya friji saa 2 hadi 4. Maji yanayodondoka yanaondoka na sehemu ya laktosi iliyobaki, kwa hiyo kwa mtoto huyu kuchuja kuna faida maradufu. Maji hayo wape wakubwa, si yeye.

Kumpa mtoto

Onja wewe kwanza. Uwe mchachu waziwazi, wenye harufu safi. Kisha, kama hakuna historia ya aleji na mtaalamu amekubali, anza na robo kijiko cha chai, mara moja kwa siku. Kaa na kiasi hicho siku 3 au 4 ukiandika choo, gesi, vipele, usingizi. Ukiona kimya, ongeza hadi kijiko kimoja cha chai, na kuendelea. Usianzishe chakula kingine kipya wiki hiyo; tumbo likichafuka hutajua wa kumlaumu. Kuharisha kidogo kukianza, rudi kwenye kiasi kilichokuwa salama. Kuvimba au kubanwa pumzi si suala la kupunguza kijiko, ni kukimbilia hospitali mara moja.

Uchachu wa saa 24 ni mkali, na mtoto aliyezoea mtindi mtamu ataukunjia uso. Changanya na tunda lililoiva na kupondwa ambalo mlo wake unaruhusu, wakati wa kula tu, si kwenye mtungi. Asali isitumike kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa hatari ya sumu ya botulizimu. Usiupashe moto mtindi. Unawaua bakteria uliowalea siku nzima.

Mambo yakienda kombo

Maji ya kijani hafifu juu ya mtindi ni ya kawaida, yamwage au yakoroge. Punjepunje maana yake joto lilizidi, chachu ilikuwa nyingi au maziwa yalitikiswa, unaliwa. Uzi unaonyooka kama ute mara nyingi hutokana na joto la chini au aina ya chachu. Kama harufu ni safi hauna madhara kwa mkubwa, ila kwa mtoto mgonjwa ningeanza upya. Usipoganda hata baada ya saa 12, chachu ilikuwa imekufa au uliiunguza: mwaga, usiongeze chachu nyingine juu ya maziwa yaliyokaa vuguvugu nusu siku. Rangi ya waridi au ya chungwa, ukungu hata kitone, harufu ya hamira au mapovu yanayopanda ni vya kutupa vyote, na mtungi uchemshwe.

Kuhifadhi, na chachu ya mara ijayo

Andika tarehe kwenye kila mtungi na uutumie ndani ya siku 7, kwa kijiko safi. Kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi mtungini. Mitungi midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa, kwani unafungua kinacholiwa tu.

Mtungi mmoja mdogo utenge tangu mwanzo, usifunguliwe na mtu, uwe chachu ya mzunguko unaofuata ndani ya wiki hiyo. Baada ya mizunguko michache uwiano wa bakteria hubadilika, hasa kwa mtindi unaokaa saa 24, kwa sababu muda mrefu kwenye uchachu unawachosha wengine kuliko wengine. Dalili ni kuchelewa kuganda au ladha kugeuka. Usingoje dalili hiyo kwa mtoto huyu: kila baada ya mizunguko mitatu au minne fungua pakiti mpya ya chachu, na uandike tarehe kwenye daftari lile lile la vijiko na choo, maana ndilo mtaalamu wa lishe atakalolitaka mkikutana.